Kikapu cha udongo na mtungi wa maji: historia ya Mwansabombwe, kando ya barabara ya Luapula

Barabara inayotoka Mansa kwenda Nchelenge, upande wa Zambia, inafuata bonde la mto Luapula kwa kilomita nyingi. Nyumba zimepangwa kando yake kijiji kwa kijiji, hata mgeni hajui kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Wamama wanauza samaki wakavu na mihogo, baiskeli zinapita zimebeba mifuko ya makala, na ukitazama magharibi, ng'ambo ya matete na maji, ile ni Kongo.

Kwenye barabara hiyo kuna mahali panapoitwa Mwansabombwe. Watu wengi wanapaita tu kwa Kazembe, kwa sababu ndipo penye makao ya Mwata Kazembe, sultani mkubwa wa Walunda wa mashariki. Anayepita ndani ya basi anaona soko, shule, makanisa na watu wengi kama penginepo, na basi linaendelea. Lakini hapo kando ya barabara kumehifadhiwa historia ambayo nusu yake ni ya Kongo.

Wakongomani wengi wamepita karibu na hapo bila kushuka. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2000, mji wa Pweto ulipoanguka mikononi mwa waasi wa RCD na wanajeshi wa Rwanda, maelfu ya watu walivuka kuingia Zambia, na wengi wakapelekwa kwenye kambi ya Kala, wilayani Kawambwa. Kambi hiyo na ile ya Mwange, kule Mporokoso, zilifungwa mwaka wa 2010. Kuanzia mwezi wa nane mwaka wa 2017, wengine wakaja, wakikimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika. Walipokelewa kwanza Kenani, na tangu mwaka wa 2018 wakapewa viwanja Mantapala, wilayani Nchelenge. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2021 safari za kuwarudisha Pweto wale waliotaka wenyewe zilianza. Kuna waliorudi, na kuna waliobaki.

Kwa familia hizo, habari za Mwansabombwe si habari za watu wa mbali. Ni habari za watu waliotoka Kongo, wakavuka maji, wakakuta wenyeji wao, na wakalazimika kujibu swali ambalo kila aliyehama analijua: mtu anakuwaje wa mahali ambapo babu yake hakuzaliwa?

Chumvi na mto Mukelweji

Walunda wa Kazembe hawafichi chanzo chao. Wanasema walitoka kwa Mwant Yav, ambaye wao wanamwita Mwata Yamvo, mfalme wa Walunda ambaye makao yake mpaka leo yako Musumba, katika eneo la Kapanga, jimbo la Lualaba. Kutoka Musumba mpaka mto Luapula ni kukata Katanga yote ya kusini, kutoka magharibi mpaka mashariki. Walitembea kwa miguu, na safari hiyo ilichukua miaka mingi, si ya kizazi kimoja.

Masimulizi yao yanaanza na chumvi. Wakati ule chumvi ilikuwa mali kubwa, na aliyeshika mahali pa chumvi alishika watu. Wanasema mkubwa mmoja aliyeitwa Mutanda Yembeyembe alikuwa na mahali pa chumvi upande wa Lualaba, na hakutaka habari zake zimfikie mfalme. Mtu mwingine, Chinyanta, akamjulisha Mwata Yamvo. Mutanda akakasirika, akamkamata Chinyanta pamoja na ndugu yake, akawazamisha katika mto Mukelweji.

Mwata Yamvo alipopata habari ya kifo hicho, alimpa mtoto wa marehemu, Ng'anga Bilonda, cheo cha Kazembe na jeshi la kumfuata Mutanda. Ndivyo jina la Kazembe lilivyoanza kuelekea mashariki. Ng'anga Bilonda mwenyewe hakuuona mwisho wa safari. Aliyemfuata, Kanyembo, ndiye aliyewavusha Walunda mto Luapula, karibu na mwaka wa 1740 kwa hesabu ya wanahistoria.

Hapo pana jambo la kuangalia. Ufalme huu uliokuja kuogopwa katika nchi kubwa hauanzi hadithi yake kwa ushindi. Unaanza kwa watu wawili waliozamishwa katika mto ambao sasa uko mbali sana, ndani ya Kongo. Karibu miaka 300 imepita, na watu hao bado wanapewa chakula kila mwaka, kama itakavyoonekana mbele.

Mama aliyetoa nchi

Walunda walipofika Luapula, nchi haikuwa tupu. Masimulizi ya bonde lenyewe yanataja watu wa kwanza kabisa, wanaoitwa Wabwilile. Baada yao walikuja Washila, wavuvi, chini ya wakubwa wao wenye jina la Nkuba. Washila walijua ziwa Mweru na mabwawa ya mto: wapi samaki wanazalia, maji yanapanda lini na yanashuka lini. Walunda walikuja na mikuki na utawala, lakini hawakujua kuvua.

Hadithi inayosimuliwa zaidi katika bonde zima ni ya mama mmoja aliyeitwa Nachituti, dada ya Nkuba. Nkuba alimuua mtoto wa dada yake huyo. Nachituti, kwa uchungu, akaenda kwa Mwata Kazembe kumwomba amlipizie kisasi juu ya ndugu yake mwenyewe. Kazembe akatuma watu wake, Nkuba akauawa. Ndipo Nachituti akamletea Kazembe kikapu cha udongo na mtungi wa maji. Udongo ulikuwa ndiyo nchi, na maji yalikuwa ndiyo mto na ziwa. Alimkabidhi vyote viwili.

Hadithi hiyo ni tamu kusikiliza, na ina nguvu hata leo. Inatajwa watu wanapogombania mabwawa ya kuvulia au mipaka ya ardhi. Lakini msikilizaji mwenye akili atauliza: nani anaisimulia? Ni masimulizi yanayowafaa walioshinda. Mtu anayesema nchi hii alipewa kwa mikono miwili na mwenye nchi hahitaji tena kueleza kuhusu mikuki. Mwanahistoria David Gordon aliandika kitabu kizima juu ya zawadi hiyo ya Nachituti na jinsi ilivyotumiwa katika mambo ya uvuvi na mamlaka mpaka nyakati zetu.

Hata hivyo, hadithi ina upande mwingine unaostahili kushikwa. Walunda hawakusema kwamba waliikuta nchi bila mtu. Waliona lazima watafute mkono wa mwenyeji uliowapa udongo. Na baada ya kupewa, hawakuwafukuza wenyeji. Mwata alitawala watu na kupokea kodi, lakini wakubwa wa Washila na wengine waliotangulia walibaki kuwa wenye mabwawa na wenye kuangalia mahali pa mizimu. Walunda wenyewe wakaacha polepole kusema lugha yao, wakasema Kibemba cha bonde. Maneno ya zamani ya kutoka upande wa Lunda na Luba yamebaki zaidi katika majina ya vyeo na sifa za masultani.

Katika miaka hii, ambapo nyumba zimechomwa Manono, Moba, Kabalo na Nyunzu kwa sababu ya ugomvi kati ya Wabatwa na Waluba, na neno "mgeni" limetumika kama risasi, jambo hili lina uzito. Bonde la Luapula halikuwa paradiso. Lakini lilipata namna ya kuweka pamoja aliyetangulia na aliyefuata, kila mmoja na sehemu yake ya heshima.

Njia ya shaba, pembe na watu

Kufikia mwisho wa miaka ya 1700, makao ya Kazembe yalikuwa yamejulikana mpaka kwenye bahari zote mbili. Shaba na chumvi za Katanga, na pembe za ndovu za nchi nzima, zilipitia mikononi mwa Mwata. Upande wa magharibi njia ilirudi kwa Mwata Yamvo na kuendelea mpaka Angola. Upande wa kusini-mashariki ilishuka mpaka Zambezi. Upande wa mashariki ilielekea pwani na Zanzibari. Watumwa nao walipita katika njia hizo, na hilo halipaswi kufunikwa.

Mwaka wa 1798 Mreno mmoja, Francisco José de Lacerda e Almeida, aliyekuwa gavana huko Zambezi, alifika kwa Kazembe wa tatu, Lukwesa, akitafuta njia ya kuunganisha Msumbiji na Angola. Alikuwa mgonjwa, akafa huko huko tarehe 18 Oktoba ya mwaka ule. Njia aliyoitafuta ilikuja kupitwa na Waafrika wawili kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José. Walipita Katanga, wakafika kwa Kazembe mwaka wa 1806, wakakaa huko kama miaka minne kwa sababu njia ya mbele haikuwa salama, na mwaka wa 1811 wakafika Tete, upande wa Msumbiji. Majina yao hayatajwi sana shuleni, ingawa walipita bara kutoka magharibi mpaka mashariki wakati Livingstone hajazaliwa.

Livingstone mwenyewe alifika kwa Kazembe tarehe 21 Novemba 1867, siku chache baada ya kuliona ziwa Mweru. Aliandika alichoona: mlango uliopambwa kwa mafuvu ya vichwa vya watu, na watu waliokatwa masikio au mikono kwa adhabu. Wanaosifu ufalme wa zamani wasisahau hayo. Huko alikutana pia na mfanyabiashara Mwarabu, Muhammad bin Saleh, ambaye alikuwa amezuiliwa hapo kwa miaka mingi. Baada ya Livingstone kumwombea, aliruhusiwa kuondoka, na baadaye alionekana Ujiji. Hivyo Kiswahili na watu wa pwani walikuwa wamekwisha kufika Luapula kabla ya bendera ya Ulaya.

Lakini wakati Livingstone anafika, nguvu za Kazembe zilikuwa zinapungua. Ng'ambo ya mto, katika nchi ya Katanga, Msiri na Wayeke wake, waliotoka upande wa Tanzania ya leo, walikuwa wameshika Bunkeya na kuikata njia ya shaba. Mkono wa Mwata magharibi mwa Luapula ukawa mfupi mwaka kwa mwaka.

Siku mto ulipogeuzwa kuwa mpaka

Pigo kubwa lilitoka kwa watu ambao hawakuijua Luapula. Tarehe 12 Mei 1894 Uingereza na serikali ya mfalme Leopold wa Ubelgiji walipatana kwamba mto Luapula na ziwa Mweru viwe mpaka. Upande wa mashariki ukawa wa Waingereza, upande wa magharibi ukawa wa Leopold. Mto uliokuwa barabara ya mitumbwi kati ya ndugu na ndugu ukawa ukuta kwenye karatasi. Familia iliyokuwa na shamba ng'ambo hii na makaburi ng'ambo ile ikajikuta na serikali mbili.

Mwata Kazembe wa kumi, Kanyembo Ntemena, alikataa kuinua bendera ya Waingereza. Mwaka wa 1899 Alfred Sharpe alikuja na jeshi kutoka upande wa Malawi ya leo, pamoja na askari wa Kihindi. Makao ya Mwata yalichomwa moto na watu waliuawa. Mwata akakimbia, akavuka Luapula.

Msomaji aliyevuka maji usiku na watoto mgongoni asome sentensi hiyo tena. Mfalme ambaye mababu zake walivuka mto wakiwa washindi, naye aliuvuka akiwa mkimbizi, akirudi upande ambao ukoo wake ulitoka. Aliokolewa na nyumba ya wamisionari wa Mambilima, kwenye maporomoko ya mto, waliompokea na kumwombea kwa Waingereza. Mwaka wa 1900 alirudi kujenga tena, safari hii chini ya mamlaka ya wengine.

Mwansabombwe anayoiona mpita njia leo inatoka katika kurudi huko. Waingereza waliwataka watu wakae mahali pa kuhesabika na kulipa kodi, na baadaye barabara ikawavuta zaidi. Ndiyo sababu bonde limekuwa kama mji mmoja mrefu kando ya njia.

Kuandika kabla wazee hawajaondoka

Katika miaka ya 1940, Mwata Kazembe wa kumi na nne, Chinyanta Nankula, alifanya jambo ambalo masultani wachache wa wakati ule walilifanya. Alikusanya masimulizi ya wazee wake, na kwa msaada wa padri Labrecque yakaandikwa kwa Kibemba. Kitabu kinaitwa Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, ni kusema, wazee wangu na watu wangu. Kilitoka mwaka wa 1951, baada ya kifo chake. Mambo mengi yanayosimuliwa leo juu ya Mutanda, Chinyanta na Nachituti yamepitia kitabu hicho.

Kitabu kina faida na kina hatari yake. Faida ni kwamba maneno hayakupotea. Hatari ni kwamba simulizi la makao ya Mwata likawa ndilo simulizi la bonde zima, na mzee wa Kishila aliyekuwa na namna yake ya kueleza akaambiwa mambo yamekwisha kuandikwa. Hilo ni fundisho kwa kila jamii inayokusanya historia yake: waulizwe wengi, na waulizwe pia wale ambao hawakukaa kwenye viti.

Baada ya kitabu ikaja sherehe. Mutomboko ni ngoma ya zamani ya ushindi, aliyoicheza Mwata alipotawazwa au watu walipotoka vitani. Katika utawala wa Kazembe wa kumi na saba, Paul Kanyembo Lutaba, aliyeingia kwenye kiti mwaka wa 1961, ngoma hiyo iligeuzwa kuwa mkutano wa watu wote wa kila mwaka. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini watu walihitaji siku ya kuonana.

Siku za Mutomboko

Sherehe inafanyika mwisho wa mwezi wa saba, katikati ya kiangazi. Wakati huo mvua imesahauliwa, maji yanashuka, na mihogo inakauka vizuri juani. Usiku kuna baridi, asubuhi moshi wa kuni unakaa chini juu ya mapaa. Ni majira mazuri ya kusafiri, na ndiyo maana watu wa Luapula waliotawanyika mijini wanarudi nyumbani wakati huo. Barabara inajaa. Wachuuzi wanapanga meza zao mapema, wenye vyumba wanapangisha, na wamama wanapika kwa ajili ya wageni.

Siku ya kwanza ni ya kuleta vyakula na vinywaji kwa Mwata, na ya kuwakumbuka waliotangulia. Siku ya pili, ambayo ni Jumamosi, ndiyo wageni wengi wanaijia. Asubuhi Mwata anapakwa unga mweupe na kutembelea mahali pa wazee. Kisha anateremka mpaka mto Ng'ona, karibu na kijiji, na kutupa vyakula ndani ya maji. Chakula hicho ni cha Chinyanta na ndugu yake, wale waliozamishwa Mukelweji.

Mchana Mwata anatoka akiwa amevaa nguo ya heshima inayoitwa mukonso, kitambaa kirefu chenye mikunjo mingi kiunoni. Anabebwa juu ya machela mabegani mwa vijana, huku ngoma ya mondo, ile ya gogo lililotobolewa, ikimtaja kwa milio yake. Uwanjani wakubwa na jamaa wa ukoo wanacheza mmoja baada ya mwingine. Mwata anacheza wa mwisho, upanga mkono mmoja na shoka mkono wa pili. Anauelekeza upanga juu mbinguni, kisha chini ardhini. Wazee wanaeleza hivi: hakuna awezaye kumshinda ila Mungu aliye juu na udongo utakaompokea siku ya mwisho.

Serikali inatuma wakubwa wake, wanasiasa wanatafuta viti vya mbele, na wakati mwingine hotuba zinakuwa ndefu kuliko ngoma. Hayo yapo katika kila sherehe. Lakini mtu akiangalia umati, atasikia pia Kiswahili cha Pweto, cha Kilwa na cha Kasenga. Masultani na wageni kutoka upande wa Kongo wanavuka kuja, kwa kuwa mpaka wa mwaka wa 1894 haukukata undugu.

Kwa anayetaka kufika

Anayetoka Lubumbashi anaweza kupita Mokambo, akafuata barabara inayokata pembe ya Kongo mpaka Chembe, ambapo kuna daraja la Levy Mwanawasa juu ya Luapula, lililofunguliwa mwaka wa 2008. Kabla ya daraja hilo watu na magari walisubiri kivuko. Kutoka Chembe njia inaenda Mansa, kisha Mwense, kisha Mwansabombwe. Anayetoka Kilwa anavuka ziwa Mweru kwa mashua mpaka Nchelenge na kushuka kusini kwa gari. Anayetoka Pweto anapita Chiengi. Karatasi za safari zinahitajika kwa njia zote, na ziwa lina upepo mkali wakati wa kiangazi, kwa hiyo mashua iliyojaa kupita kiasi ni ya kuachwa iende bila wewe.

Familia zilizo Mantapala ziko ng'ambo hiyo hiyo, lakini kuwa karibu hakutoshi. Mkimbizi anayetaka kutoka kwenye makao yake anatakiwa kuomba ruhusa kwa wahusika kabla ya kusafiri. Aiombe mapema, maana mwenye kukamatwa njiani bila karatasi anaharibu safari yake na kuwatia wengine mashakani.

Ukifika, heshima za mahali zifuatwe. Mbele ya Mwata watu wanavua kofia, wanapiga magoti na kupiga makofi taratibu. Mwenye kutaka kupiga picha kwenye makao au mahali pa mizimu aulize kwanza. Nje ya siku za sherehe Mwansabombwe ni kijiji cha kawaida, na mgeni anaelekezwa vizuri zaidi akipitia kwa wazee wa mahali kuliko akiingia mwenyewe.

Kilichobaki mikononi mwa familia

Mtoto aliyezaliwa Kenani mwaka wa 2017 sasa anasoma shuleni. Anajua Kibemba cha uwanjani na Kiingereza cha darasani. Pweto au Moba kwake ni majina yanayotajwa jioni watu wazima wakiongea juu ya shamba, nyumba na waliokufa. Siku familia ikirudi, mtoto huyo atafika nyumbani akiwa mgeni. Na mara nyingi anayerudi baada ya miaka mingi anakuta shamba lake linalimwa na mwingine. Hapo atahitaji kujua babu yake alipewa ardhi na nani, mpaka wake ulikuwa mti gani au kijito gani, na nani jirani awezaye kushuhudia.

Hakuna serikali itakayomwambia hayo. Ni mama yake, baba yake, bibi yake. Jina la mto waliouvuka, jina la kijiji walicholala usiku wa kwanza, jina la aliyewapa mtumbwi bila kudai franka, jina la aliyebaki nyuma: hayo ndiyo maktaba ya mkimbizi, na yanaweza kuandikwa kwenye daftari la shule la mtoto. Na yaandikwe kwa ukweli, pamoja na makosa ya upande wetu, ili yasije kuwa moto mwingine.

Walunda wa Kazembe walipoteza mengi njiani: lugha, njia ya shaba, upande mzima wa mto, na mara moja mji wao wote kwa moto. Mukelweji uko mbali, katika nchi nyingine, na wengi wanaosimama kando ya Ng'ona kila mwezi wa saba hawajawahi kuuona na hawatauona. Hata hivyo wanateremka na vyakula vyao, wanataja majina ya wale wawili, wanatupa chakula majini, kisha wanapanda kurudi kijijini kucheza.